Mbegu ya Mpwapwa Isitupwe

Msomaji wetu aliye Mkokotoni au Chake Chake atauliza, na ana haki ya kuuliza, ng'ombe wa Mpwapwa wanamhusu nini. Jibu la kwanza lipo sokoni. Sehemu kubwa ya nyama inayoliwa Visiwani huvuka bahari kutoka Bara, na miongoni mwa ng'ombe hao wamo waliokulia katika uwanda wa kati, Dodoma na Singida, ambako mvua ya mwaka mzima aghalabu haifiki milimita 600 na huja kwa msimu mmoja tu. Uwanda ule ukikosa mifugo iliyo bora, kitoweo cha Darajani hupanda bei. Jibu la pili tutalifikia mbele, nalo linahusu mbung'o.

Mpwapwa ni kituo kikongwe. Wajerumani walianzisha kazi ya tiba ya mifugo pale mwaka 1905, Waingereza wakairithi, na leo kituo hicho ni sehemu ya Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania, yaani TALIRI. Hapo ndipo palipotengenezwa aina ya ng'ombe yenye jina la mji wenyewe. Takriban theluthi moja ya damu yake ni ya Red Sindhi, karibu kiasi hicho ni Sahiwal, na zote mbili asili yao ni Bara Hindi. Yapata moja ya tano ni Zebu wetu wa nchi. Iliyobaki ni Borani na kidogo cha Ayrshire. Madhumuni yalikuwa kumpata ng'ombe mmoja afaaye kwa maziwa na kwa nyama, avumilie jua la Ugogo, kupe na majani makavu ya Septemba, asiwe mgeni wa kubembelezwa kwa dawa na pumba kila siku. Kazi ilichukua miaka mingi ya kuchagua, kupima na kuandika daftarini, na mwishoni mwa miaka ya 1950 wataalamu wakakubali kuwa aina imesimama.

Aina hiyo sasa ni haba. Wataalamu wamekwisha kuandika mara nyingi kuwa ng'ombe wa Mpwapwa walio safi wako katika hatari ya kutoweka. Nchi yenye ng'ombe zaidi ya milioni 30 inakaribia kuipoteza aina ambayo iliitengeneza yenyewe, kwa mikono yake, kwa ajili ya ardhi yake. Mfugaji alipotaka dume la Mpwapwa hakulipata, na alipotaka maziwa aliambiwa achukue Friesian. Friesian ni ng'ombe mzuri Njombe na Rungwe. Kumpeleka Chamwino na kumwacha atafute malisho na wenzake ni kumdhulumu yeye na mwenye kumnunua.

Twalisema hili kwa sababu elimu ya uzazi wa wanyama imepiga hatua ambayo viongozi wetu wanapaswa kuifahamu kabla haijatufikia ikiwa bidhaa ya dukani. Nayo ni elimu ya kuzikuza maabarani, kwa muda mrefu, seli shina za mbegu za dume.

Ndani ya korodani mna mirija myembamba iliyojikunja, na pembezoni mwa mirija hiyo zimejificha seli chache ambazo ndizo chanzo cha mbegu zote. Seli shina ikigawanyika, ama huzaa mwenziwe aliye shina kama yeye, ama huzaa seli zitakazopita daraja baada ya daraja hata ziwe mbegu kamili zenye mkia. Kwa fahali safari hiyo huchukua yapata siku 61. Ndiyo maana dume hutoa mbegu miaka nenda miaka rudi bila ya kuisha: mbegu hutoka, shina hubaki. Lakini mashina hayo ni machache mno. Katika korodani ya panya yamekisiwa kuwa 3 katika kila seli 10,000.

Mwaka 1994 Ralph Brinster na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walizitoa seli kutoka korodani za panya mmoja, wakazipandikiza katika korodani za panya mwingine asiyekuwa na mbegu zake, na huyo wa pili akaanza kutoa mbegu za yule wa kwanza. Mkulima wa Donge aliyehamisha mche wa mkarafuu kutoka kitaluni hadi shambani ataielewa habari hiyo upesi kuliko mhasibu wa wizara. Shamba ni la huyu, mti ni wa yule.

Kilichokosekana kilikuwa kitalu. Seli zikitolewa mwilini zilikufa, au zilibadilika zikaacha kuwa shina. Mwaka 2000 watafiti walionyesha kuwa seli walezi zilizomo ndani ya mirija ile hutoa protini iitwayo GDNF, na kwamba protini hiyo ndiyo inayozishika seli shina zibaki katika hali yake. Mwaka 2003 Mito Kanatsu-Shinohara na Takashi Shinohara wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, waliitia protini hiyo katika maji ya lishe, wakazilaza seli za panya juu ya tandiko la seli nyingine za kuzilisha, na seli zikaongezeka wiki baada ya wiki. Mwaka 2005 kundi hilo likatangaza kuwa lilizikuza kwa miaka miwili mfululizo, na kwamba kwa hesabu ya kukadiria zilizidi mara ambazo huandikwa kwa 1 na masifuri 85. Hakuna chombo duniani cha kuzijaza zote. Nyingi hutupwa njiani na chache zikaendelezwa. Muhimu ni kwamba baada ya muda wote huo seli ziliporudishwa ndani ya panya dume zilizaa mbegu, na mbegu zilizaa watoto wazima.

Panya si ng'ombe. Kwa ng'ombe kazi imekuwa nzito, na hatutaki msomaji adanganywe. Seli za ndama hazikuitikia upishi ule wa panya. Tandiko la seli za panya halikuzifaa, na ikalazimu kutumia seli zilizotoka kwa ng'ombe mwenyewe. Kundi la Jon Oatley wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington lilieleza mwaka 2016 namna ya kuzichuja seli za ndama ambaye hajabaleghe na kuzitunza kwa muda mrefu, lakini muda mrefu huo ni wa miezi, haujafika miaka ile ya panya. Kazi yenyewe hufanyika katika kabati la joto kama la mwili, hewa yake ikipimwa, lishe ikibadilishwa kila baada ya siku chache, na mikono ikiwa safi kupita ya mpasuaji. Ukungu ukiingia, kazi ya mwezi huharibika kwa usiku mmoja. Umeme ukikatika vivyo hivyo. Tena hakuna njia ya haraka ya kujua kuwa kilichokua katika sahani ni shina kweli; hakikisho ni kukipandikiza na kungoja.

Kwa mbuzi, mwaka 2003, Ali Honaramooz na wenzake waliripoti kuzaliwa kwa mtoto aliyetokana na mbegu zilizopandikizwa katika dume mwingine. Mwaka 2020 Oatley na wenzake, pamoja na Taasisi ya Roslin ya Uskoti, walionyesha panya, nguruwe, mbuzi na ng'ombe madume ambao jeni yao iitwayo NANOS2 ilizimwa, wakazaliwa wazima kwa kila kitu isipokuwa hawana mbegu za kwao. Waliopandikizwa seli za wengine walianza kutoa mbegu za hao wengine. Panya walizaa, kwa wanyama wakubwa kilichoonekana wakati huo ni mbegu, si ndama. Tunaliita dume kama hilo fahali mlezi, kwa kuwa analea asichokizaa.

Sasa tuje Dodoma. Kuna atakayesema tunalo jawabu la zamani lililo rahisi zaidi, nalo ni uhimilishaji. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kipo Usa River, Arusha, na kanda ya kati ina kituo chake hapo Dodoma. Hatuupingi uhimilishaji, na gazeti hili daima litautetea. Lakini tuutazame ulivyo katika uwanda wa kati. Mbegu iliyogandishwa hukaa katika naitrojeni ya maji, ambayo baridi yake ni nyuzi 196 chini ya sifuri. Mtungi usipojazwa tena kwa wakati, mbegu hufa, na hakuna anayeweza kuzitambua kwa macho kwamba zimekufa. Jike naye hukaa katika joto kwa saa chache tu, hazifiki siku nzima. Inabidi mwenye ng'ombe amwone, apeleke habari, mhimilishaji apate usafiri, afike. Kwa mfugaji mwenye ng'ombe wawili bandani, kama walivyo wengi Unguja, hayo yawezekana. Kwa Mgogo au Mbarabaigi ambaye kundi lake liko kilomita 40 kutoka barabarani likifuata maji, hayawezekani, na takwimu za semina hazitayawezesha.

Fahali mlezi hutembea na kundi. Hahitaji mtungi wala pikipiki. Humtambua jike aliye katika joto kuliko bwana mifugo yeyote, na mbegu atakayoiacha ni ya dume bora ambaye huenda alikufa miaka 10 iliyopita. Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo hili kwa nchi ya wafugaji wa kuhamahama. Ni ajabu kidogo kwamba elimu iliyotafutwa kwa pesa za nchi zenye ng'ombe wa bandani huenda ikawafaa zaidi watu wa Manyoni na Kondoa.

Lakini hata kabla ya fahali mlezi kupatikana, seli shina zina faida yake kwa aina iliyo adimu. Mbegu iliyogandishwa hutumika ikaisha. Mirija 200 ni mirija 200. Seli shina ikikuzwa huongezeka. Tena yaweza kupatikana kwa ndama mdogo ambaye hajaanza kutoa mbegu, hata aliyekufa saa chache zilizopita, jambo ambalo uhimilishaji hauliwezi. Kwa hiyo kila ndama dume wa Mpwapwa anayehasiwa kwa kisu au kuchinjwa, na korodani zake zikatupwa kwa mbwa, ni shina lililong'olewa. Vipande vidogo vya korodani hizo vyaweza kugandishwa leo kwa vifaa visivyo vya ajabu, vikangoja siku ambayo sisi wenyewe au jirani zetu watakuwa na uwezo wa kuviotesha. Kungoja huko hakuna gharama kubwa. Kutogandisha ndiko kusikorudishika.

Kuna mpaka usiopitika, na ni wajibu wetu kuutaja. Seli hizi ni za upande wa baba peke yake. Majike ya Mpwapwa yakiisha, mbegu itakayobaki itapandishwa kwa Zebu wa kawaida na kuzaa nusu kwa nusu. Kizazi cha pili kitakuwa robo tatu, cha tatu saba ya nane, cha nne kumi na tano ya kumi na sita. Kwa ng'ombe hiyo ni kazi ya zaidi ya miaka 12, kama hakuna ukame. Seli za maabara haziwi kisingizio cha kuacha kulitunza kundi lililo hai. Wala seli za ndama mmoja hazitoshi. Zikitoka kwa baba mmoja, tutakuwa tumehifadhi ukoo na kuipoteza kabila. Yatakiwa madume yasiyo ndugu, kwa makumi, pamoja na daftari la nani ni mwana wa nani. Bila daftari kila kichupa ni nyama iliyoganda.

Uwanda wa kati umeonja sayansi iliyoletwa kwa pupa. Kongwa haiko mbali na Mpwapwa. Mwaka 1947 Waingereza walikuja pale na mpango wa karanga, wakaleta matrekta kabla ya kupima mvua, wakalima udongo ambao jua likiwaka hugeuka saruji, na mwaka 1951 mpango ukafutwa baada ya kuteketeza pauni milioni 36 hivi. Leo Kongwa ni mahali pa mifugo, kama Wagogo walivyojua tangu mwanzo kuwa inafaa kuwa. Pale hutunzwa pia mbuzi wa Malya, aina nyingine iliyotengenezwa nchini kwa kuchanganya Kamorai, Boer na mbuzi wetu wa asili, naye anastahili kuingizwa katika hesabu hii, hasa kwa vile mbuzi ni rahisi kuanzia kuliko ng'ombe.

Kuna na Makutupora. Mwaka 2016 yalianza pale majaribio ya mahindi yaliyobadilishwa jeni ili yastahimili ukame, na Novemba 2018 serikali ikaamuru yasitishwe na mabaki yateketezwe. Hatuingii hapa katika hukumu ya mahindi. Tunachosema ni kwamba mtaalamu hawezi kupanga kazi ya miaka 10 bila kujua kama mwaka wa pili ataambiwa achome. Katika habari ya fahali mlezi mambo ni mawili, na sheria ingefaa kuyatenga. Dume mwenyewe, kwa njia ile ya NANOS2, amebadilishwa jeni. Ndama wake, kwa kuwa wametokana na seli za dume mwingine asiyeguswa, hawajabadilishwa. Isitoshe, upo uwezekano wa kumfanya dume awe tasa kwa dawa au mionzi bila ya kugusa jeni yake hata kidogo, ingawa haukamilishi kazi sawasawa. Kanuni zetu za usalama wa kibayolojia ni za mwaka 2009, na wanaoziandika upya hawana budi kuulizwa swali hili kwa maandishi, wajibu kwa maandishi.

Wasomaji wetu wa Visiwani watakuwa wamekwisha kujiuliza juu ya umiliki. Aliyekaa chuoni anakumbuka kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kuchukua malipo ya dume kupanda, na wanazuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu ya Shafi, wakaeleza kuwa kinachouzwa hapo hakipimiki wala muuzaji hawezi kukikabidhi. Imamu Malik akaruhusu dume likodishwe kwa muda unaojulikana. Tuwaachie masheikh wenyewe wapime kama kichupa cha seli kinachohesabika ni kitu kingine. Sisi twachukua kutoka mjadala huo busara moja ya kidunia: mbegu ya mifugo haikuwa tangu zamani bidhaa kama chumvi. Seli za ng'ombe wa Mpwapwa zikipelekwa nchi za mbali kukuzwa kwa njia zilizowekewa hataza, mkataba useme waziwazi seli ni za nani, na kwamba Tanzania hailipi chochote kuzirudisha nyumbani.

Wala si lazima kwenda mbali. Nairobi, kwenye Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, wapo Waafrika wanaoshirikiana na Roslin, ambao wamekwisha kuzikuza na kuzigandisha seli za uzazi za kuku wa kienyeji. Vijana wawili au watatu kutoka TALIRI na Chuo Kikuu cha Sokoine wakikaa kule mwaka mmoja mmoja watarudi na mikono iliyofundishwa, ambayo ndiyo mtaji wa kazi hii. Mashine hununuliwa kwa mwezi. Mkono hufundishwa kwa miaka.

Tulisema tutarudi kwa mbung'o, ambaye Bara huitwa ndorobo. Wapo Visiwani watakaosikia habari ya madume tasa wakacheka. Wamesahau kuwa Unguja iliokolewa na madume tasa. Mbung'o walikuwa wakiua ng'ombe wetu wa Unguja tangu enzi. Walifugwa maabarani Tanga, madume wakapigwa mionzi wasiweze kuzalisha, na kuanzia mwaka 1994 wakamwagwa kwa ndege juu ya kisiwa, zaidi ya milioni 8 kwa jumla. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa safi. Kazi hiyo ilifanywa na wataalamu wa pande zote mbili za Muungano pamoja na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, na haikuwa na kelele.

Basi ombi letu kwa Wizara ya Mifugo na Uvuvi, iliyo hapo hapo Dodoma, si maabara ya fahari. Kwanza, ng'ombe wote wa Mpwapwa walio safi, wa serikali na wa watu binafsi, wahesabiwe na majina ya wazazi wao yaandikwe. Pili, naitrojeni ya maji ipatikane Mpwapwa bila kukatika, kwa kifungu chake katika bajeti kisichoweza kuhamishiwa mafuta ya magari. Kabla ya hayo mawili, atakayezungumzia kuotesha seli anapoteza muda wa watu. Yakishatimia, ndama dume wasiohitajika wahasiwe kwa kisu badala ya koleo, vipande vihifadhiwe, na kila kipande kiwe na pacha wake mahali pengine, maana ghala moja laweza kuungua au kusahauliwa.

Pacha huyo twapendekeza akae Unguja. Mtungi mdogo wa naitrojeni huvuka kwa boti kutoka Dar es Salaam kwa muda wa saa mbili hivi, na Visiwani wapo wataalamu wa mifugo wanaoujua uhimilishaji siku nyingi. Kwa upande wao waweke humo na mbegu za ng'ombe wa kienyeji wa Unguja na Pemba, ambao nao wanapungua kila dume la Kizungu linaposifiwa, na nakala zake ziende Mpwapwa. Makatibu wakuu wa wizara mbili wanaweza kulikamilisha jambo hilo kwa barua moja kabla ya Bunge la bajeti.